Nadharia za makuzi ya binadamu zinaanzia wapi: tumboni au baada ya kuzaliwa?

Mwanachuo wa Ualimu ameuliza:

Habari za leo, wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa ualimu, na muhula huu tunasoma somo la makuzi ya binadamu. Nimekwama mahali pawili, na nimeona ni heri niulize kuliko kukariri nisichokielewa.

Jambo la kwanza ni hesabu ya wiki. Kitabu kimoja kinasema kipindi cha kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika tumboni, humalizika mwishoni mwa wiki ya 8 na kwamba mimba hudumu siku 266. Kingine kinasema kipindi hichohicho humalizika mwishoni mwa wiki ya 10 na mimba hudumu siku 280. Niliandika zote mbili katika daftari nikitumaini kwamba mbele ya safari zitapatana, lakini hazijapatana.

Jambo la pili ndilo linalonisumbua zaidi. Mhadhara wetu wa kwanza ulihusu nadharia, tukawasoma wananadharia wa makuzi kama Freud, Erikson, Piaget, Vygotsky, Bandura na Bowlby. Mhadhara wa pili ulihusu utungisho, zaigoti, kiinitete na kijusi. Kati ya mihadhara hiyo miwili sikuona kiungo. Nadharia zote zinaanza na mtoto aliyekwisha kuzaliwa, na ukuaji wa tumboni unafundishwa kama biolojia tupu, kana kwamba ni dibaji ambayo mtu akishaimaliza anaweza kuifunga na kuisahau. Je, ipo nadharia inayoeleza makuzi ya kabla ya kuzaliwa? Na kama haipo, mwalimu mtarajiwa, ambaye hatakutana na mtoto mpaka awe na umri wa miaka kadhaa, anafundishwa habari za kiinitete kwa sababu gani? Sitafuti majibu ya kunakili, nataka kuelewa.

---

Msomaji wa Jioni amejibu:

Nadhani suala hili ni jepesi kuliko unavyolifikiria. Kabla ya kuzaliwa, kazi yote ni ya jeni: mpango umekwisha kuandikwa na mwili unaufuata. Kondo la nyuma humkinga mtoto na mambo ya nje. Mazingira huanza kufanya kazi siku mtoto anapozaliwa, na ndiyo maana nadharia nazo zinaanzia hapo. Tumboni ni urithi, na nje ni malezi.

---

Mkunga Mkufunzi amejibu:

Ndugu mwanachuo, vitabu vyako vyote viwili ni sahihi. Kinachotofautiana ni siku ambayo kila kimoja kimeanza kuhesabu. Wataalamu wa viinitete huhesabu tangu utungisho, yaani tangu mbegu ya kiume ilipoungana na yai. Sisi tunaowapokea akina mama kliniki hatuijui siku hiyo, na mara nyingi mama mwenyewe haijui, kwa sababu mbegu za kiume zinaweza kuishi katika njia ya uzazi hadi siku 5 zikilisubiri yai, ilhali yai likishatoka hudumu kwa saa 24 hivi tu. Anachoweza kukumbuka mama ni siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, basi tunaanzia hapo. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka yapata siku ya 14, kwa hiyo hesabu ya kliniki huitangulia hesabu ya utungisho kwa wiki 2. Toa 14 katika 280 utapata 266, na toa 2 katika 10 utapata 8. Maana yake ni kwamba katika wiki 2 za mwanzo za ile mimba tunayoiita ya wiki 40 hakuna mimba yoyote tumboni, jambo ambalo wanafunzi wangu hulikataa mpaka walichore wenyewe kwenye karatasi. Kila unapoandika namba ya wiki katika daftari lako, andika pembeni yake «tangu utungisho» au «tangu hedhi». Mimi hapa nitahesabu tangu utungisho.

Wiki 2 za kwanza ni za zaigoti. Seli moja yenye kromosomu 46, yaani 23 kutoka kwa kila mzazi, hugawanyika huku ikisukumwa polepole ndani ya mrija wa uzazi kuelekea tumbo la uzazi. Siku ya 3 au ya 4 imekuwa fundo la seli 16 hivi. Siku ya 5 fundo hilo lina uwazi wenye maji ndani yake, na seli zimekwisha kugawana kazi: zile za nje zitashiriki kuunda kondo la nyuma, na kikundi kidogo cha ndani ndicho kitakachotoa mtoto. Yapata siku ya 6 huanza kujipachika katika ukuta wa tumbo la uzazi, na shughuli hiyo hukamilika kabla ya wiki ya 2 kwisha. Mimba nyingi hutoka katika siku hizi bila mama kujua kwamba alikuwa mjamzito.

Wiki ya 3 hadi ya 8 ni kipindi cha kiinitete, na hapa ningependa usimame kidogo. Seli hujipanga katika tabaka 3. La nje litatoa ngozi ya juu, ubongo na neva. La kati litatoa misuli, mifupa, moyo na damu. La ndani litatoa utando wa njia ya chakula na wa mapafu. Kisha sehemu ya tabaka la nje iliyo katikati ya mgongo hubonyea, kingo zake mbili huinuka, huinamiana na kushikana, na utando uliokuwa bapa unakuwa mrija. Huo ndio mrija wa neva, ambao utakuwa ubongo na neva kuu inayopita ndani ya uti wa mgongo. Ncha ya kichwani hufunga kwanza, na ncha ya chini hufunga yapata siku ya 28. Ncha ya chini isipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Ya kichwani isipofunga, sehemu kubwa ya ubongo na fuvu haiumbiki, na mtoto wa namna hiyo hawezi kuishi.

Tupige hesabu pamoja. Mama mwenye mzunguko wa siku 28 huikosa hedhi yake siku ya 14 hivi tangu utungisho. Anasubiri wiki moja akidhani imechelewa, kisha anasubiri nyingine. Anapokuja kupima, mrija huo umekwisha kufunga, au umekwisha kushindwa kufunga. Ndiyo sababu mwanamke anayetarajia kushika mimba hushauriwa kumeza mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku tangu kabla mimba haijatungwa. Utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba, kwa wanawake waliokwisha kupata mimba yenye kasoro hiyo, dozi kubwa zaidi ya asidi ya foliki iliyoanza kutumika kabla ya mimba ilipunguza kurudia kwa kasoro kwa asilimia 72 hivi. Kila ninapolifundisha somo hili huumia moyoni, kwa sababu wengi wa akina mama niliowahudumia waliusikia ushauri huo wakati siku ya 28 imekwisha kupita.

Katika siku hizohizo, yapata siku ya 22, moyo ambao bado ni mrija tu huanza kupiga. Vichipukizi vya mikono hutokeza katika wiki ya 4, na vya miguu hufuata siku chache nyuma. Wiki ya 8 ikiisha, kiinitete kina urefu wa sentimita 3 hivi, na msingi wa karibu kila kiungo umekwisha kuwekwa. Kuanzia wiki ya 9 tunakiita kijusi mpaka kizaliwe. Kipindi hiki ndicho kirefu kuliko vyote, lakini nitakipita haraka, kwa kuwa kazi yake kubwa ni kukuza, kukomaza na kuanza kuvitumia viungo vilivyokwisha kuumbwa. Mapafu huchelewa kuwa tayari, na ndiyo maana mtoto njiti hupata taabu ya kupumua hata kama viungo vyake vingine vinaonekana kamili.

Sasa neno moja kwa ndugu Msomaji wa Jioni, kwa heshima. Fikra kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto na kila kitu iliwahi kuaminiwa hata na madaktari, na iliwagharimu watoto wengi. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aliona watoto wachanga wengi wenye mtoto wa jicho kuliko ilivyo kawaida, akagundua kwamba mama zao walikuwa wameugua rubela, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele, mwanzoni mwa ujauzito. Miaka 20 baadaye ilikuja habari ya thalidomide, dawa iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na ambayo wajawazito walipewa kwa ajili ya kichefuchefu na kukosa usingizi. Iliondolewa sokoni huko mwishoni mwa 1961, baada ya kuonekana kwamba watoto walikuwa wakizaliwa na mikono na miguu mifupi mno, au bila viungo hivyo kabisa. Waliodhurika duniani walizidi 10,000. Madhara yalitegemea siku dawa ilipomezwa: hatari ilikuwa kati ya siku ya 20 na ya 36 hivi tangu utungisho, masikio yakiathirika mapema, kisha mikono, kisha miguu, kwa utaratibu uleule ambao viungo hivyo huumbika. Mama aliyeimeza baada ya siku hizo aliweza kumzaa mtoto mwenye viungo kamili. Pombe nayo hupita kwenye kondo la nyuma bila kizuizi, na ubongo unaweza kudhurika nayo katika miezi yote ya ujauzito.

---

Mkufunzi wa Saikolojia ya Makuzi amejibu:

Namshukuru sana mkunga, kwa kuwa amenirahisishia kazi. Mwanachuo ameuliza kama kuna kiungo kati ya mihadhara yake miwili. Kipo, ila ametazama upande mmoja tu. Alitafuta nadharia inayotoka kwa mtoto na kurudi tumboni, wakati sehemu kubwa ya nadharia hizo ilisafiri kinyume chake. Wazo la hatua, wazo la kipindi maalumu, yaani muda mfupi ambao jambo fulani lazima litokee, na hata wazo kwamba mtu huumbika badala ya kupanuka tu, yote haya yalilelewa kwanza na watu waliochunguza viinitete, ndipo wanasaikolojia wakayaazima.

Kwa karne nyingi swali lilikuwa hili: je, mtu huwamo tayari ndani ya yai au mbegu akiwa mdogo mno, na kinachobaki ni kuongezeka ukubwa, au huumbika hatua kwa hatua kutokana na kitu ambacho hakikuwa na umbo lake? Aristotle, ambaye alipasua mayai ya kuku ya siku tofauti ili atazame kifaranga kinavyotokea, alishika jibu la pili, na William Harvey alilitetea mwaka 1651. Hata hivyo, darubini ilipopatikana, jibu la kwanza ndilo lililopata wafuasi. Mwaka 1694 Nicolaas Hartsoeker alichapisha mchoro wa mtu mdogo aliyejikunyata ndani ya kichwa cha mbegu ya kiume. Hakudai kwamba alimwona mtu huyo. Alichora kile alichodhani kingeweza kuonekana. Mwaka 1759 Caspar Friedrich Wolff alionyesha kwamba mishipa ya damu ya kifaranga hutokea mahali ambapo hapo kwanza haikuwapo, na baadaye akaonyesha kwamba utumbo wake huanza kama utando bapa unaojikunja kuwa mrija. Rudi usome maelezo ya mkunga kuhusu mrija wa neva, utaona kwamba mwili una desturi ileile.

Nakuomba uutunze akilini mchoro wa Hartsoeker, kwa sababu huo ndio sura halisi ya wazo kwamba mtoto ni mtu mzima aliyepunguzwa ukubwa. Yeyote anayemtarajia mtoto wa miaka 4 afikiri kama mtu wa miaka 30, ila kwa kiasi kidogo zaidi, bado anautazama mchoro huo. Piaget alitumia maisha yake kuupinga, na si ajabu, maana hakuanza kama mwanasaikolojia: shahada yake ya uzamivu, aliyoipata mwaka 1918, ilihusu konokono na jamaa zake. Alikuwa mtu aliyezoea kuona umbo la kiumbe likibadilika kadiri kinavyokutana na mazingira. Mtoto katika nadharia yake hajazi akili iliyokwisha kuwepo. Huijenga upya mara kadhaa, na kila jengo husimama juu ya lile lililotangulia.

Erikson yeye alitamka deni lake waziwazi. Alipoeleza zile hatua 8 za maisha ya mtu alizozichapisha mwaka 1950, alisema zinafuata kanuni inayotokana na ukuaji wa viumbe ndani ya tumbo la uzazi: kila kinachokua kina ramani yake ya msingi, na kila sehemu ina wakati wake wa kuchomoza, mpaka sehemu zote zinapokuwa kitu kimoja. Ukimsoma huku umesahau habari za kiinitete, hatua zake hubaki kuwa jedwali la kukariri, yaani kuamini na kutoamini, kujitegemea na kuona haya, na kadhalika. Ukimsoma huku unakumbuka kwamba mikono hutangulia miguu na kwamba moyo hauwezi kungojea zamu ya mapafu, unaelewa kwa nini alishikilia kwamba mpangilio wa hatua una maana.

Bowlby, aliyeeleza jinsi mtoto anavyojifunga na mlezi wake, naye alijifunza kutoka kwa Konrad Lorenz, mtafiti wa tabia za wanyama, ambaye mwaka 1935 alieleza jinsi vifaranga vya bata bukini vinavyomfuata kiumbe wa kwanza anayetembea ambaye vinamwona baada ya kuanguliwa, akalinganisha jambo hilo na yale yanayotokea ndani ya kiinitete. Kilichokuwa kikizungumzwa wakati huo ni jaribio la Hans Spemann na Hilde Mangold la mwaka 1924. Walichukua kipande kidogo cha kiinitete cha salamanda, mnyama afananaye na mjusi, wakakipandikiza upande wa tumbo wa kiinitete kingine. Seli za mwenyeji, ambazo zingekuwa ngozi ya tumbo, ziliitikia wito wa mgeni zikashiriki kuunda mrija wa neva na mwili wa pili. Jeni za seli hizo hazikubadilishwa. Kilichobadilika ni jirani yao, na jirani huyo alifika kwa wakati ufaao.

Hapa ndipo ninapotofautiana na Msomaji wa Jioni. Ikiwa hatima ya seli hutegemea jirani yake, basi mazingira yamekuwamo kazini tangu seli zilipokuwa zaidi ya moja. Pacha wanaofanana, waliotokana na zaigoti moja, hawana alama za vidole zinazolingana kabisa, kwa kuwa alama hizo hutegemea pia mambo madogo madogo ya mahali kila mmoja alipokaa tumboni. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mtafiti Gilbert Gottlieb. Vifaranga vya bata, hata vile vilivyoanguliwa kwa mashine bila mama, huchagua mlio wa bata wa aina yao na kuuacha wa kuku. Ungeweza kuapa kwamba hilo ni jeni tupu. Gottlieb alivinyamazisha viinitete ndani ya mayai, kila kimoja peke yake, visiweze kujisikia vyenyewe wala kuwasikia wenzao, na vilipoanguliwa havikuweza tena kuchagua sawasawa. Kumbe kile kilichoitwa silika kilihitaji mazoezi yaliyofanyika ndani ya gamba, kabla ya mtu yeyote kutazama.

Kwa binadamu, kijusi huanza kuitikia sauti katika miezi 3 ya mwisho. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer waliwapa watoto wachanga wasiotimiza siku 3 chuchu bandia iliyounganishwa na kinasa sauti, ili namna ya kunyonya iamue ni sauti ipi itasikika. Watoto walibadilisha namna yao ya kunyonya ili waisikie sauti ya mama yao kuliko ya mwanamke mwingine. Kwa hiyo yule mchanga ambaye John Locke mwaka 1690 angemfananisha na karatasi isiyoandikwa kitu anafika akiwa amekwisha kusikiliza kwa wiki nyingi.

Kuna jambo jingine dogo ambalo huwasaidia wanafunzi wangu kuona kwamba siku ya kuzaliwa haivunji mstari wa makuzi. Miezi 2 tangu utungisho, kichwa ni karibu nusu ya urefu wote; wakati wa kuzaliwa ni robo; kwa mtu mzima ni sehemu moja ya nane hivi. Ukuaji unaotangulia kichwani na kushuka kuelekea miguuni unaanza tumboni na unaendelea kwa mtoto anayeimudu shingo yake kabla ya kukaa, na kukaa kabla ya kusimama. Arnold Gesell aliupima mpangilio huo kwa uangalifu mkubwa na kuuona kama upevukaji wa mwili unaofuata saa yake ya ndani. Kwa maoni yangu alikuwa sahihi kuhusu mpangilio na alizidisha kuhusu saa. Mtoto mchanga akishikwa wima huchezesha miguu kama anayetembea, kisha baada ya miezi 2 hivi huacha, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba ubongo wake umeizima tabia hiyo. Esther Thelen na wenzake, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1984, waliwatia watoto hao majini mpaka kifuani, na hatua zikarudi. Miguu ilikuwa imenenepa haraka kuliko misuli ilivyopata nguvu, basi.

---

Mwanachuo wa Ualimu amejibu:

Shikamooni walimu wangu. Suala la wiki limeniingia kabisa, na nimekwisha kurudi kwenye daftari kuandika «tangu utungisho» na «tangu hedhi» kila mahali. Kuhusu Erikson, sikuwahi kuambiwa kwamba alianzia kwenye kiinitete, na sasa nayaona maneno yake kwa macho mengine.

Lakini maelezo yenu yamenitia hofu mpya. Mkunga amesema mrija wa neva usipofunga siku ya 28, wakati umepita. Mkufunzi amesema Erikson na Bowlby waliazima mawazo yao huko huko. Je, inafuata kwamba mtoto aliyekosa kujenga imani kwa watu katika mwaka wake wa kwanza naye wakati umempita? Nitakapopewa darasa, bila shaka nitakutana na watoto waliolelewa kwa shida. Nitakuwa nawafundisha watu ambao mlango wao ulikwisha kufungwa?

---

Mlezi wa Watoto amejibu:

Marahaba. Nimefanya kazi na watoto waliotengwa na wazazi wao kwa muda mrefu, na swali lako ndilo lililonifanya niingie katika mjadala huu ambao nilikuwa nausoma tu.

Hapo ndipo mfano wa kiinitete unapofika mwisho wa manufaa yake. Mrija wa neva una siku chache, na tishu zake zikishapita hatua hiyo hazirudi nyuma. Mapenzi ya mtoto kwa mlezi yana miaka, na yanaendelea kujengwa na kila mtu anayemshika mkono. Ndiyo maana wengi wetu hatusemi tena kwamba mtoto ana kipindi cha kufa na kupona. Tunasema ana kipindi cha wepesi, ambacho jambo fulani hujifunzika kwa urahisi zaidi, na baada ya hapo hujifunzika kwa taabu zaidi lakini hujifunzika.

Ushahidi mzito ulipatikana Romania. Utafiti ulioanza Bucharest mwaka 2000 uliwahusu watoto 136 wenye umri wa miezi 6 hadi 31 waliokuwa wakiishi katika taasisi ambazo mlezi mmoja aliwaangalia watoto wengi mno. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kwa familia za malezi na wengine wakaendelea kuhudumiwa kama kawaida. Waliopata familia waliendelea vizuri zaidi katika mambo mengi, hasa waliohama kabla ya kufikisha miaka 2 hivi. Soma matokeo hayo kwa pande zote mbili. Kuchelewa kuligharimu, na mtu asikufariji kwa kusema kwamba hakukugharimu kitu. Hata hivyo, watoto waliokuwa wamekosa mwaka mzima wa kwanza, yaani hatua yote ya kwanza ya Erikson, walijenga uhusiano wa karibu na walezi wapya. Erikson mwenyewe hakufundisha kwamba hatua iliyokwenda vibaya haiguswi tena. Kwake, maswali ya nyuma hurudi katika kila umri.

Mimi nimemwona mtoto aliyefika kwetu bila kumtazama mtu machoni, akikaa miezi bila kuitikia jina lake. Tulimpa mlezi mmoja, yuleyule kila asubuhi na kila usiku, na kazi hiyo ilichukua zaidi ya mwaka kabla hajaanza kulia mlezi anapoondoka. Siku alipolia, wafanyakazi wenzangu walifurahi kuliko siku alipocheka, kwa kuwa kulia kule kulikuwa na mtu ndani yake. Kwa hiyo usiingie darasani ukitafuta nani mlango wake umefungwa. Wewe ingia ukijua kwamba kwa baadhi yao itakubidi uwe yuleyule kwa muda mrefu zaidi.

---

Mkunga Mkufunzi amejibu:

Naongeza jambo moja kabla sijarudi zamu, kwa sababu najua somo hili hufika pia kwa akina mama wanaosoma kimya kimya.

Kila ninapofundisha habari za siku ya 28, za rubela au za pombe, kuna mwanafunzi anayetoka darasani akiwa na orodha ya makosa ya wanawake. Naomba mwanachuo asiipeleke orodha hiyo kwa wazazi wa watoto wake. Wale waliopewa thalidomide waliamini dawa waliyopewa. Waliougua rubela hawakuichagua, na leo kuna chanjo ambayo mwanamke huipata kabla ya ujauzito, wala haitolewi akiwa mjamzito. Waliokuwa wajawazito magharibi mwa Uholanzi katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 hawakuipanga vita. Watafiti waliowafuatilia watoto wao hadi utu uzima waliona kwamba madhara yalitofautiana kulingana na miezi ya ujauzito iliyokutana na njaa: waliokutana nayo mwishoni walizaliwa na uzito mdogo, na waliokutana nayo mwanzoni walizaliwa na uzito wa kawaida lakini ukubwani walipata zaidi maradhi ya moyo. Kasoro nyingi za kuzaliwa hazina chanzo kinachojulikana hata leo, na mama anayeniuliza alikosea wapi humjibu hivyo hivyo, kwa kuwa ndio ukweli.

Na katika daftari lako, mwanachuo, kama umeandika tu kwamba moyo huanza kupiga «wiki ya 4», sahihisha. Siku ya 22 tangu utungisho ni mwanzo wa wiki ya 4 kwa hesabu hiyo, lakini kwa hesabu ya hedhi ni wiki 5 na siku 1. Swali hilo hupenda kutokea kwenye mtihani, na wengi huanguka kwa kutotaja wanahesabu tangu lini.